Kupanga Nyumba Nairobi Ukiwa Mgeni: Haki Zako, Hatua kwa Hatua

Ukifika Nairobi kutoka Bujumbura, Goma, Juba, Mogadishu au Dar es Salaam, mwenyeji wako atakusitiri siku chache, kisha utaanza kutafuta chumba. Utakitafuta kwa haraka, hujui mtaa, hujui bei, na pesa ulizo nazo ni zile zile. Mwenye nyumba mwema atakupokea kama mpangaji mwingine yeyote. Asiye mwema akisikia lafudhi yako, bei inapanda papo hapo. Nimeandika mwongozo huu ili umkute huyo wa pili ukiwa umejiandaa.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine: sheria za Kenya zinamlinda mpangaji mgeni, lakini mbele ya hakimu zinamlinda kwa kile anachoweza kuonyesha, yaani risiti, ujumbe wa M-Pesa, picha na barua. Ukivikusanya wakati bado mnaelewana na mwenye nyumba, utakuwa navyo siku mtakapokosana.

Kwanza, ujue unasimama wapi kisheria

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Imesema kila mtu, haikusema kila raia. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, dini na mengineyo. Kifungu cha 65 kinamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa kukodi, mradi muda usizidi miaka 99. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mgeni hawezi kuandikiwa mkataba wa nyumba kwa jina lake hajui anachosema, au anakijua na anataka kitu kidogo, yaani hongo.

Sheria utakayoihitaji zaidi ni Sheria ya Ardhi ya 2012. Ipo nyingine ya zamani, Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, ambayo inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Vyumba vingi vya Nairobi vimeshapita bei hiyo, lakini ukipanga chumba cha mabati Mathare, Kibera au Mukuru huenda bado uko chini yake. Faida yake ni kubwa: mwenye nyumba hawezi kukupandishia kodi wala kukutoa bila kupitia baraza maalumu la kodi, na kukusumbua kwa makusudi ili uhame mwenyewe ni kosa la jinai. Ukikodi duka au mkahawa, huko kuna sheria nyingine, Sura ya 301, yenye baraza lake.

Weka hati zako tayari, ila usiziachie

Mwenye nyumba ana haki ya kumjua anayempangisha. Atakuomba pasipoti, cheti cha mgeni, kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya mwomba hifadhi. Mpe nakala. Andika juu ya nakala hiyo, kwa kalamu, kwamba ni ya kupangia nyumba fulani tu, na tarehe. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, anayekusanya taarifa zako hana ruhusa ya kuzitumia kwa jambo jingine.

Hati yenyewe ibaki mkononi mwako. Mtu akisema atakaa na pasipoti yako hadi umalize mwezi wa kwanza, chukua pasipoti yako utafute nyumba nyingine. Hapa sioni nafasi ya kubembelezana.

Mjue unayempa pesa

Hapa ndipo wageni wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumba za Nairobi, hasa maghorofa ya Eastleigh, Pangani, Kayole, Umoja, Pipeline au Kasarani, mara chache utamkuta mwenyewe. Utamkuta keateka, yaani msimamizi anayekaa humo humo kwenye ploti, yaani jengo la vyumba vya kupangisha. Nyuma yake huenda kuna ajenti mwenye ofisi anayekusanya kodi. Na katikati wamejaa madalali wa barabarani wanaokutoza mia tano au elfu moja ya kukuonyesha vyumba. Ajenti wa kweli anatakiwa kuwa amesajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba chini ya Sheria ya Maajenti wa Nyumba, Sura ya 533. Muulize cheti. Asiyekuwa nacho anaweza kuwa mtu mzuri, lakini asishike amana yako, yaani pesa ya dhamana unayopaswa kurudishiwa ukihama.

Utapeli ulio wa kawaida zaidi ni huu: mtu anapata ufunguo wa chumba kitupu, anawaonyesha watu watano siku moja, anapokea amana kwa wote watano, kisha anazima simu. Jumamosi wapangaji watano wanafika na magodoro yao kwenye mlango mmoja.

Dawa yake ni rahisi. Kabla hujatuma chochote, shuka chini pale wanapofulia nguo, msalimie mpangaji yeyote, mwambie unahamia, muulize kodi analipa kwa nambari gani. Kwenye ploti moja wapangaji wote kwa kawaida hulipa kwa nambari moja ya Paybill (nambari ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa) au akaunti moja ya benki. Ikiwa nambari uliyopewa wewe ni ya simu ya mtu binafsi, na wenzako wote wanalipa kwa Paybill, usitume hata shilingi. Ukiwa hapo muulize pia kama amewahi kuona mtu akihama akarudishiwa amana yake. Jibu la swali hilo litakuambia mengi kuliko maneno ya dalali.

Usilipie nyumba uliyoiona kwenye picha za simu tu, hata kama bei ni nzuri namna gani. Bei ikiwa nzuri mno, ndiyo kabisa usilipie.

Kagua nyumba kama anayeinunua

Nenda mara mbili, mchana na jioni. Mchana utaona mwanga na nyufa, jioni utaona usalama, kelele, na kama taa za ngazi zinawaka.

Fungua kila mfereji, yaani bomba la maji. Uliza maji huja siku gani, maana mitaa mingi hupata maji kwa mgao, na kama ploti ina kisima au tangi. Bonyeza choo. Tazama mita ya stima (umeme): je, ni yako peke yako, au mnagawana bili? Mita ya tokeni, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, inaweza kuwa na deni la aliyekutangulia, na ukinunua tokeni sehemu ya pesa zako hukatwa kulipia deni hilo. Mwambie keateka anunue tokeni ya hamsini mbele yako, mhesabu yunit pamoja.

Kisha toka nje, ulitazame jengo lenyewe. Jengo lenye alama ya X nyekundu ukutani limetiwa alama na wakaguzi wa majengo wa serikali kwa sababu lina kasoro. Kodi yake itakuwa nafuu. Wale wa mtaa wa Huruma nao walikuwa wakilipa kodi nafuu, hadi jengo lao la ghorofa lilipoanguka usiku wa mvua mwezi Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40. Ukiona nyumba iko ukingoni mwa mto, kumbuka mafuriko ya Aprili na Mei 2024: waliokuwa kando ya mito kule Mathare na Mukuru walisombewa vitu na maji, kisha serikali ikaja kubomoa nyumba zilizobaki.

Mkataba

Watu wengi hudhani kwamba pasipo karatasi hakuna mkataba. Si kweli. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ardhi kinakubali upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili au wa mwezi kwa mwezi, ufanyike kwa mdomo au kwa maandishi. Ukishakubaliana bei, ukalipa na ukapewa ufunguo, wewe ni mpangaji mwenye haki zote. Asikutishe mtu kwamba huna mkataba kwa hiyo huna neno.

Hata hivyo, omba maandishi. Yawe na majina kamili ya pande zote mbili, nambari ya chumba, kodi na siku ya kuilipa, kiasi cha amana na itarudishwa lini, nani analipia maji, taka na ulinzi, na notisi ni ya muda gani. Ukurasa mmoja unatosha. Kama mkataba uko kwa Kiingereza na hukielewi vizuri, sema wazi kwamba utaondoka nao ukasomewe na mtu unayemwamini, urudi kesho. Mwenye nyumba anayekataa mkataba wake usomwe ana jambo analificha ndani yake. Kipengele cha kuangalia kwa makini ni kile kinachosema amana haitarudishwa kwa sababu yoyote, na kile kinachomruhusu kufunga mlango wako ukichelewa kulipa.

Mgeni kutoka Dar amezoea kulipa miezi sita au mwaka mzima, na kutoka Goma au Bukavu amezoea dhamana ya miezi mitatu na zaidi. Nairobi kodi ya nyumba za kawaida hulipwa mwezi kwa mwezi, mara nyingi kabla ya tarehe 5, na amana kwa desturi ni ya mwezi mmoja, pengine miwili. Anayekudai miezi sita kwa sababu wewe ni mgeni hana sheria inayomwambia hivyo. Unaweza kukubali ukitaka, ila ujue ni biashara, na kwenye biashara mtu hupatana.

Kulipa

Chukulia kodi ni Sh8,000. Siku ya kuingia utalipa Sh16,000. Usikubali risiti iliyoandikwa "16,000" peke yake. Iseme: kodi ya Februari 8,000, amana 8,000. Usipofanya hivyo, siku ya kuhama unaweza kuambiwa kwamba ulilipa kodi ya miezi miwili na amana hukuweka. Ukiingia katikati ya mwezi, omba ulipe siku ulizokaa tu.

Kuna jambo linalowapata wageni peke yao. Laini ya simu huandikishwa kwa kitambulisho, na wewe huenda bado huna, kwa hiyo unalipa kodi kwa laini ya binamu au rafiki. Ujumbe wa M-Pesa utabeba jina lake, si lako. Basi siku hiyo hiyo mtumie mwenye nyumba ujumbe: "Nimelipa Sh8,000 ya chumba B7 kwa laini ya ndugu yangu, tafadhali thibitisha." Akijibu "nimepata", piga picha ya skrini, uihifadhi mahali pengine nje ya simu hiyo.

Pesa taslimu kwa keateka bila risiti, hapana. Hata awe mkarimu vipi. Keateka akifutwa kazi, ataondoka na kumbukumbu yako.

Na kodi ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, inamhusu mwenye nyumba na Mamlaka ya Mapato. Isiongezwe kwenye bili yako kwa jina la "kodi ya serikali".

Siku ya kuingia

Kabla godoro halijapita mlangoni, piga picha na video ya kila chumba: kuta, dari, sinki, vioo, vitasa, usomaji wa mita. Mtumie mwenye nyumba au ajenti kwa WhatsApp pamoja na orodha fupi ya kasoro. Dakika kumi za kazi hiyo ndizo zitakazoamua kama utarudishiwa amana yako.

Ukishaishi humo

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinamfunga mwenye nyumba kwa mambo ambayo hata mkataba usipoyataja yapo: akuache ukae kwa utulivu, nyumba iwe inafaa kuishi binadamu tangu mwanzo na iendelee kufaa, na pale ulipopanga sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutengeneza paa, kuta za nje, mabomba makuu ya maji machafu, ngazi na njia za pamoja. Dari ikivuja si kazi yako. Kitasa ulichokivunja wewe ni chako.

Kitu kikiharibika, piga simu kama kawaida, ila ufuatishe na ujumbe wa maandishi. Mwenye nyumba anaweza kuja kukagua, kwa saa za kawaida na kwa taarifa. Kuingia na ufunguo wa akiba wakati wewe hupo ni kukuvunjia faragha, na kifungu cha 31 cha Katiba kinailinda.

Kuna vitisho wanavyofanyiwa wageni: "ukileta maneno nitawaita polisi, nitawaita watu wa uhamiaji." Nakuomba uelewe kwamba kodi na hati zako ni mambo mawili tofauti. Karatasi iliyokwisha muda haimpi mtu ruhusa ya kula amana yako wala kukuongezea bei. Fanya hima kuzihuisha hati hizo kwa ajili yako mwenyewe, na kama haziko sawa, pita kwanza kwa watu wa msaada wa sheria nitakaowataja chini kabla ya kwenda kituo cha polisi au mahakamani. Lakini usilipe pesa ya kunyamazishwa. Ukilipa mara moja utalipa kila mwezi.

Ukikuta kufuli mlangoni

Umechelewa kodi wiki mbili, unarudi kazini unakuta kufuli jipya, au mlango umeng'olewa, au stima imekatwa. Yanatokea kila mwezi katika jiji hili, na watu wameyazoea hadi wanadhani ni halali. Si halali. Mpangaji akiwa bado anakaa ndani ya nyumba, wa kumtoa ni mahakama au baraza la kodi, kwa amri iliyoandikwa. Chifu hana mamlaka ya kukutoa, keateka hana, na polisi bila amri ya mahakama hawana. Deni la kodi linadaiwa kisheria, na hata vitu vyako vikishikwa kwa ajili ya kodi, anayevishika lazima awe mpiga mnada mwenye leseni, mwenye kuandika orodha ya kila alichochukua.

Fanya hivi. Usivunje kufuli, maana utageuziwa mashtaka wewe. Piga picha ya mlango, saa ionekane. Mpigie mwenye nyumba mbele ya jirani, kisha mtumie ujumbe ukimuuliza amri ya mahakama iko wapi. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, sema umefungiwa nje ya nyumba unayoipanga na vitu vyako viko ndani, uandikishe kwenye kitabu cha matukio na upewe nambari ya OB. Kuandikisha ni bure. Nambari hiyo utaitaka kesho yake kwa wakili. Kama kuna mtoto au dawa ndani, liseme hilo kabla ya mengine yote; mara nyingi askari akipiga simu moja tu mlango hufunguliwa.

Na kama kweli unadaiwa, pendekeza kwa maandishi utalipa kiasi gani na lini. Haki yako ya kutofungiwa haifuti deni.

Kuhama na kudai amana

Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi kinataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Watu wengi hawaijui sehemu hiyo ya pili. Kama kodi yako hulipwa tarehe 1, notisi ya tarehe 30 Mei inaisha tarehe 1 Julai. Ukiitoa tarehe 10 Juni itaisha tarehe 1 Agosti, na Julai yote utaidaiwa. Sheria hiyo hiyo inakukinga wewe: mwenye nyumba akikuambia uhame baada ya wiki moja, mhesabie siku.

Barua iwe fupi: "Mimi mpangaji wa chumba B7 natoa notisi ya kuhama. Nitakabidhi ufunguo tarehe 1 Julai. Naomba tukague chumba pamoja siku hiyo, na amana yangu ya Sh8,000 irudishwe kwa nambari hii ya M-Pesa." Itume pia kama ujumbe wa simu.

Siku ya kukabidhi, piga picha tena, kutoka pembe zile zile za siku ya kuingia. Utaambiwa amana imeisha kwenye rangi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ardhi kinakutaka urudishe nyumba kama ulivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa matumizi ya kawaida. Rangi iliyofifia kwa kuishi humo miaka miwili ni uchakavu wa kawaida. Mlango uliotobolewa si wa kawaida, na hapo akukate gharama halisi, na risiti ya fundi akuonyeshe.

Akikataa, mwandikie barua ya madai ukimpa siku saba au kumi na nne. Zikipita bila jibu, nenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza Milimani mwaka 2021. Inasikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000, sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Amana aliyoshikilia mtu ni pesa inayodaiwa, kwa hiyo inaingia huko. Kesi ya kufukuzwa kwenye nyumba haiingii, hiyo huenda mahakama ya hakimu au Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa msaada wa bure, Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwatetea wasio na uwezo tangu 1973 na kina kitengo cha wahamiaji na wakimbizi. Refugee Consortium of Kenya hushughulikia wakimbizi na waomba hifadhi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo imewataja wakimbizi na wasio na uraia miongoni mwa wanaostahili kuhudumiwa na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Ukienda kwa yeyote kati yao, beba mkataba au ujumbe wenye makubaliano yenu, risiti zote zikiwa zimepangwa kwa tarehe, picha za kuingia na za kutoka, notisi uliyotoa, na nambari ya OB kama ipo. Wape nakala, zile halisi rudi nazo nyumbani. Kama Kiswahili kinakuwia kigumu kueleza jambo la sheria, sema mapema unapoomba siku ya kuonana nao, ili watafute mkalimani.